Bastola ndani ya gari: mzigo usiofanana na mizigo mingine

Na afisa wetu wa mashinani, jimbo la Tanganyika



Mara nyingi katika jarida hili tunazungumza juu ya bunduki zilizo porini, mikononi mwa makundi ya wenye silaha. Leo napenda tuzungumze juu ya silaha nyingine, ambayo haijifichi. Ni bastola halali ya afisa mwenye karatasi zake zote, inayosafiri naye katika gari lake la nyumbani pamoja na mke, watoto na gunia la mihogo. Silaha hiyo haimo katika ripoti zetu. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi ilivyokaribia kuharibu, katika dakika moja, kazi ya amani ya miaka mitatu.

Jambo lililotokea siku ya soko

Sitataja kijiji wala watu, kwa sababu wote bado wanaishi pale na wanajitahidi. Ni kijiji ambamo jamii mbili zilipigana vikali, kisha polepole zikaanza tena kuuziana mihogo na ndagala katika soko moja.

Afisa mmoja, mzaliwa wa pale, alikuja kumzika mjomba wake. Aliegesha gari lake chini ya mwembe, karibu na soko. Aliona haya kuingia matangani na bastola kiunoni. Kwa hiyo alitoa magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, akakitia mfukoni. Bastola yenyewe akaisukuma chini ya kiti chake, akaenda kukaa na wazee. Moyoni aliamini kwamba ameacha kipande cha chuma kisicho na nguvu.

Watoto wa dada yake waliingia garini kutafuta kivuli. Mmoja, wa miaka saba, aliikuta. Tulisikia mlio mmoja tu. Risasi ilitoboa mlango wa gari na kumpiga mguuni mama mmoja aliyekuwa akiuza ndagala. Mama huyo alikuwa wa jamii ile nyingine.

Kabla hajafikishwa kwenye kituo cha afya, habari ilikuwa imekwisha kufika vijiji jirani: “Wameanza tena. Wamempiga mama yetu sokoni.” Jioni vijana walikuwa barabarani na mishale. Kilichotuokoa ni mambo mawili. La kwanza, afisa mwenyewe alisimama mbele ya watu wote akasema: “Wazee wangu, bastola ni yangu, na kosa ni langu.” La pili, wazee wa pande zote mbili walikubali kukesha pamoja nyumbani kwa shefu mpaka asubuhi. Mama yule alipona, lakini hadi leo anatembea na fimbo.

Mimi pia nina sehemu yangu. Asubuhi ya siku ile pikipiki yetu ilikuwa imeharibika, na afisa huyo alinipa lifti katika gari lile lile. Nilijua ana bastola. Kanuni ya shirika letu inakataza kupanda gari lenye silaha. Nilinyamaza, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na yeye ni rafiki. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningepaswa kumwambia siku ile.

Kosa lilikuwa wapi?

Watu wengi hufikiri kwamba bastola isiyo na magazini ni tupu. Hilo ndilo kosa linaloua. Risasi huweza kukaa mahali pawili: ndani ya magazini, na ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu ambapo risasi hungoja kufyatuliwa. Ukiondoa magazini peke yake, ile moja iliyo ndani ya chemba inabaki pale pale. Na risasi moja inatosha.

Jambo hili linazidi kuwa gumu kwa sababu bastola hazifanani. Katika nchi yetu wengi walijifunza kwa bastola ya Browning GP, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1935 na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji. Hiyo iliundwa hivi kwamba magazini ikiondolewa, haifyatuki. Bastola za Tokarev na Makarov, zenye asili ya Urusi ya Kisovieti, hazina kizuizi hicho. Magazini ikiondolewa, risasi ya ndani bado inafyatuka. Tena Tokarev ya asili haina hata kile kitufe cha kuzuia kufyatuka ambacho askari wengi wamezoea kukigusa kwa kidole gumba. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kwa moja, kisha akapewa nyingine, anaweza kufuata mazoea yake vizuri na bado akaacha mauti chini ya kiti.

Mpangilio ulio sahihi ni huu, na usibadilishwe. Kwanza, mdomo wa bastola uelekezwe mahali pasipo na mtu, na kidole kikae mbali na kifyatulio. Pili, ondoa magazini. Tatu, vuta nyuma ile sehemu ya juu ili risasi iliyo ndani itoke. Nne, angalia ndani ya chemba kwa macho, na usiku gusa kwa ncha ya kidole. Ukianza na hatua ya tatu kabla ya ya pili, magazini itasukuma risasi nyingine ndani, nawe utakuwa umeijaza upya ukidhani umeiondoa. Kazi hii ifanyike kambini au kwenye kituo cha polisi kabla ya kuondoka. Isifanyike ndani ya gari lenye watu.

Kwa nini gari si ghala

Gari linatudanganya. Lina milango na kufuli, na tunaona kama nyumba ndogo. Lakini tuliangalie vizuri.

Kioo kinavunjwa kwa jiwe moja. Bati la mlango halizuii risasi, kama mama wa ndagala alivyojua. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja isipokutana na kitu. Katika barabara zetu zenye mashimo, kitu kilicho chini ya kiti hakikai mahali pake: kinateleza mbele hadi kwenye miguu ya dereva, au nyuma hadi kwa watoto. Kabati dogo lililo mbele ya abiria ndipo mahali pa kwanza ambapo mtoto hutafuta peremende na mwizi hutafuta pesa. Na gari letu haliwi la mtu mmoja. Leo linaenda kwa fundi, kesho linaazimwa na shemeji, keshokutwa linaoshwa mtoni na vijana. Wote hao wataikuta silaha ambayo hawakuambiwa habari zake.

Tatizo hili si la Congo peke yake. Nchini Marekani, ambako raia wengi wana bastola na huzibeba garini, silaha nyingi sana huibwa kutoka ndani ya magari. Kwa sababu hiyo majimbo kadhaa yametunga sheria. California tangu mwaka 2017 na Colorado tangu mwaka 2025 zinadai kwamba anayeacha bastola katika gari lisilo na mtu aifungie, isionekane kutoka nje. Colorado inataja sanduku gumu lenye kufuli, na gari lenyewe lifungwe. Kama nchi yenye desturi ya kubeba bastola imeona kwamba chini ya kiti si mahali pa silaha, sisi tuliozika watu wengi tungoje nini?

Kwetu hasara ya wizi ni kubwa zaidi. Bastola iliyoibwa katika gari la afisa haiendi mbali. Inarudi usiku katika mtaa ule ule, mikononi mwa majambazi.

Kama ni lazima isafiri, isafiri hivi

Ushauri wa kwanza ni mfupi: kama safari si ya kazi, silaha ibaki katika ghala la kikosi, iandikwe katika daftari, na mwenyewe aende matangani mikono mitupu. Lakini tunajua hali halisi. Askari na polisi wengi wanaishi mtaani na familia zao, si kambini, na vituo vingine havina hata kabati lenye kufuli. Kwa wale ambao ni lazima wasafiri na bastola, kuna njia mbili tu zilizo salama.

Njia ya kwanza ni bastola kukaa mwilini mwa mwenyewe, ndani ya ala inayofunika kifyatulio na kufungika vizuri. Haikai mapajani, mlangoni, kati ya viti wala ndani ya mkoba unaowekwa sakafuni. Akishuka, inashuka naye. Kuiingiza na kuitoa katika ala akiwa ameketi garini ni hatari, kwa sababu mkanda wa usalama, koti au ufunguo vinaweza kunasa kifyatulio.

Njia ya pili ni bastola kusafiri ikiwa tupu, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli. Si lazima kununua kitu cha bei kubwa kutoka ng'ambo. Kasha kuukuu la risasi, lile la chuma la rangi ya kijani, linafaa. Fundi wa kuchomelea atalitia vipete viwili vya kufuli na kulifunga kwa mnyororo kwenye fremu ya kiti au ndani ya buti. Mnyororo una maana, kwani kasha lisilofungwa mahali huibwa lote pamoja na kilichomo. Risasi ziwekwe mbali na bastola, katika kifuko chake, pia chini ya kufuli. Ufunguo ukae mwilini mwa mwenye silaha. Usitundikwe pamoja na ufunguo wa gari, kwa maana ufunguo wa gari tunampa kila mtu.

Mambo mengine mawili. Kasha lifungwe kabla ya kuondoka, si baada ya kufika, kwa sababu anayekuona ukificha kitu ndani ya buti sokoni amekwisha kujua pa kurudi. Na hata kasha lililo zuri ni la safari tu. Bastola isilale garini. Jioni iingie ghalani, na kama ni usiku wa njiani, ikabidhiwe kwenye kituo cha polisi au kambi iliyo karibu, kwa kuandikiana.

Kwa wenye pikipiki, ambao ndio wengi wetu, sheria ni ile ile na ni kali zaidi. Pikipiki haina mahali pa kufungia. Bastola iliyochomekwa kiunoni bila ala huanguka kwenye shimo la kwanza. Asiye na ala nzuri asiibebe.

Kwenye barieri

Wengi wa waliopigwa risasi kwenye vizuizi vya barabarani hawakuwa na nia mbaya. Walifanya haraka tu. Askari wa barieri haoni moyo wako, anaona mikono yako.

Punguza mwendo ukiwa bado mbali. Usiku zima taa kubwa na uwashe taa ya ndani ili waone ni nani yumo. Weka mikono juu ya usukani na uwaambie abiria wakae kimya. Salimu kwanza. Kisha sema kabla hujagusa kitu: “Habari ya kazi, komanda. Mimi ni afisa, nina silaha ya kazi. Imefungwa ndani ya buti, na karatasi ya misioni iko mfukoni mwa shati. Naomba ruhusa ya kuitoa.” Ngoja ajibu. Toa karatasi peke yake. Karatasi isikae pamoja na bastola, usije ukalazimika kushika silaha ili kuonyesha kibali chake. Akitaka kuiona, shuka, mwonyeshe kasha liliko, na mwache yeye aamue ni nani atakayelifungua.

Anayeficha silaha na kusema hana, kisha ikakutwa, amegeuka mshukiwa, hata kama ana vibali kumi.

Gari la kiraia na askari anayeomba lifti

Nyote mmeona ile alama kwenye milango ya magari ya ONG: bunduki ndani ya duara jekundu, imekatwa kwa mstari. Alama hiyo ni ahadi kwa pande zote mbili za vita kwamba gari hili halisaidii upande wowote. Ahadi inashikilia maadamu haijavunjwa. Siku watu watakapoona mtutu mmoja dirishani, wataambiana, na gari linalofuata, pengine lenye chanjo au mama mjamzito, halitaaminiwa tena. Anayelipa si yule aliyempandisha askari.

Kumkatalia mwenye bunduki ni kazi ngumu, na madereva wetu wanaijua. Hakuna maneno ya uchawi, lakini heshima inasaidia. Dereva wetu mmoja, mzee wa njia hii, hushuka garini, huvua kofia na kusema: “Baba komanda, mimi ni mtoto wako na ninakuheshimu. Gari si langu. Wakubwa wakiona silaha ndani yake nitafukuzwa kazi, na watoto wangu watalala njaa. Kama kuna ujumbe kwa wenzako wa mbele, nitaufikisha kwa redio ya ofisi.” Mara nyingi hueleweka. Wakilazimisha kwa nguvu, usishindane. Maisha ni mbele ya kanuni. Wafikishe, kisha toa ripoti siku hiyo hiyo, ili ofisi izungumze na kamanda wao.

Madereva wa taksi na malori hawana alama ya kuwakinga. Wao wanaweza angalau kuomba mambo matatu: magazini itolewe na chemba iangaliwe kabla ya kupanda, mdomo wa silaha usielekee mtu wala tangi la mafuta, na silaha isipewe mtu mwingine kuishika. Dereva mwenyewe asiiguse. Wapo makamanda wanaowaamuru askari wao wafanye hivyo, na tunawashukuru.

Sheria inasema nini?

Nchini kwetu sheria ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Chini ya sheria hiyo, raia hawezi kumiliki silaha ya moto bila kibali cha serikali. Kwa upande wa kanda, Congo ni mojawapo ya nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hiyo inakataza kabisa raia kumiliki bunduki za kivita, na inadai silaha ndogo za raia ziandikishwe. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unafuata njia hiyo kwa nchi za Afrika ya Kati.

Kwa hiyo raia mwenye bastola isiyo na kibali asitafute kasha la kuisafirishia. Na asiibebe kwenda nayo polisi peke yake, kwani anaweza kukamatwa au kupigwa risasi njiani. Aiache pale ilipo, mbali na watoto, aende kwa shefu, padri, mchungaji au kamati ya amani, ili waliozoea kazi ya kukusanya silaha waitwe waje kuichukua.

Kamati ya amani inaweza kufanya nini?

Baada ya siku ile ya soko, kamati ya kijiji iliamua mambo matatu, na yanashikwa mpaka leo. Gari lenye silaha haliegeshwi karibu na soko, shule au mahali pa matanga. Afisa anayekuja kwa msiba humwarifu shefu, na silaha yake hukabidhiwa kituo cha polisi mpaka atakapoondoka. Na mlio wowote ukisikika, watu wawili, mmoja wa kila jamii, huenda pamoja kuangalia kabla ya mtu yeyote kupeleka habari vijiji jirani.

Uamuzi huo wa tatu ulipendekezwa na mama wa ndagala mwenyewe. Alisema: “Risasi ilinipiga mguu. Uvumi ungepiga kijiji chote.”

Yule afisa bado ni rafiki yangu. Gari lake sasa lina kasha la chuma ndani ya buti, lenye mnyororo, na mara nyingi kasha hilo ni tupu kwa sababu bastola imebaki ghalani. Aliponipa lifti tena mwezi uliopita, kabla sijafungua mdomo alinifungulia buti niangalie. Nikaangalia. Halafu nikapanda.

Ya kukumbuka kwa ufupi

- Safari isiyo ya kazi: silaha ibaki ghalani.
- Kuondoa magazini hakutoshi. Angalia chemba.
- Mwilini ndani ya ala, au tupu ndani ya kasha lenye kufuli na mnyororo. Hakuna njia ya tatu.
- Risasi mbali na bastola, ufunguo mbali na ufunguo wa gari.
- Kwenye barieri, sema kwanza, gusa baadaye.
- Gari la ONG halibebi silaha ya mtu yeyote.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, silaha za askari na polisi hulala wapi? Nani anaweza kuzungumza nao kwa heshima juu ya jambo hili?
2. Mlio mmoja ukisikika leo sokoni, habari ya kwanza itakayofika vijiji jirani itakuwa ipi? Nani ataipeleka?
3. Rafiki akikupa lifti nawe unajua ana silaha, utamwambia nini?